Programu Iliyopiga Hodi

Jumanne, 2 Machi 1999

Kuta zimeanza tena kutoa jasho. Mwaka jana nilidhani bomba limepasuka, nikamwita fundi, akanicheka. Ndiyo hali ya hewa ya Guangzhou, huku kusini mwa China, mwezi huu: upepo wa joto unatoka kusini na kila kitu cha baridi kinalowa, vioo, vigae, mpaka shuka. Anyango, mwenzangu wa chumbani, ametandaza magazeti chumba kizima. Anasema Kisumu kuna joto lakini nyumba hazilii.

Alhamisi, 4 Machi

Leo kwenye chama cha mafumbo Liang laoshi, yaani Mwalimu Liang, ametupa fumbo jipya. Tuandike programu ambayo ukiiendesha inatoa maandishi yake yenyewe, yote, herufi kwa herufi, bila kufungua faili lake na kujisoma. Didas, Mtanzania mwenzangu, alicheka kwa sauti akasema haiwezekani. Laoshi akasema, "Mtu mmoja katika chumba hiki ataniletea wiki ijayo." Alikuwa anamtazama Didas. Kila mtu humtazama Didas.

Jumamosi, 6 Machi

Sijapata. Nikiandika amri ya kuchapa maandishi, amri yenyewe nayo inakuwa maandishi, inabidi nayo ichapwe, na inayoichapa ichapwe. Kama kujaribu kuona kisogo changu mwenyewe.

Jumapili, 7 Machi

Nimeipata! Nimeipata wakati nafua nguo, mikono imo kwenye povu.

Tuseme nina karani mtiifu asiyefikiri. Nampa karatasi yenye maneno haya:

Andika maneno haya mara mbili, mara ya pili ndani ya alama za kunukuu: "Andika maneno haya mara mbili, mara ya pili ndani ya alama za kunukuu:"

Karani akitii, karatasi atakayonirudishia ni ileile. Maneno yaleyale yanafanya kazi mbili. Kwanza ni amri, halafu ndiyo hayo hayo yanayoandikwa. Hakuna zaidi ya hapo.

Niliacha nguo kwenye beseni nikakimbia chumba cha kompyuta. Dada Lan, mwangalizi, alikuwa anafunga ili akale. Sheria inasema mchana asibaki mtu. Alinitazama, nina povu mpaka kwenye viwiko, akaniambia nivae ndala za plastiki, nisiguse swichi za ukutani, akaniacha. Saa moja baadaye ilikuwa kwenye skrini. Mwanzoni nimetia neno HODI ili nijue ni yangu. Inapiga hodi, kisha inajiandika.

Niliiendesha, nikachukua ilichotoa, nikakiendesha nacho. HODI. Nikachukua cha pili. HODI. Mwili ukanisisimka. Nilifurahi, lakini nilizima mashine haraka kuliko ilivyohitajika.

Alhamisi, 11 Machi

Jina langu limeandikwa ubaoni: Najat, mwaka wa tatu, Zanzibar. Didas alinipigia makofi kuliko wote. "Wewe ni jini," aliniambia tukiwa nje. "Mimi nilibaki nazunguka tu. Nipe nikaisome." Nikampa disketi. Nilitembea mpaka bwenini najiona mrefu. Huyu ndiye kijana ambaye Bukoba nzima, kwa maneno yake, ilimsindikiza uwanja wa ndege.

Jumanne, 16 Machi

Didas aliniita mchana kwenye chumba cha kompyuta. Dada Lan alitufungulia, akatuachia tena. Sasa naona ametuzoea.

"Yako inajiandika kwenye skrini tu," Didas akasema. "Ni kama mtu anayejipiga picha. Mimi nimeipa miguu."

Akatia disketi. Pale hapakuwa na kitu ila programu yake na mchezo mdogo wa nyoka. Akaendesha programu, kisha akafungua mchezo. Kabla nyoka hajatokea, skrini ikaandika HODI.

"Imeingia ndani ya mchezo," akasema. "Sasa ukiucheza kwenye mashine nyingine, itatafuta faili lingine pale nalo iingie."

"Na baadaye?"

"Baadaye lingine."

"Na itasimama wapi?"

Akacheka. "Hilo ndilo fumbo la wiki ijayo."

Nilimwambia aifute. Akaifuta mbele yangu. Nilimwona akiifuta.

Alhamisi, 18 Machi

Mvua. Magodoro yananuka ukungu.

Jumanne, 23 Machi

Mashine ya dirishani, mwanafunzi Mchina wa mwaka wa kwanza anafungua kazi yake. HODI. Alinigeukia kwa sababu nilikuwa karibu: "Hiki ni nini?" Nikasema sijui. Nje mvua inanyesha kama inamwagwa kwa ndoo.

Alhamisi, 25 Machi

Nilimkamata Didas kwenye ngazi.

"Ulifuta?"

"Nilifuta mbele yako, bwana."

"Basi jana Jumatano imetokea mashine tatu, na juzi moja."

Akatazama viatu vyake. Ndipo akasema alifuta ile ya kwenye disketi. Nakala nyingine ya mchezo wa nyoka, yenye HODI ndani, alikuwa ameiweka kwenye mashine siku moja kabla, kuijaribu. "Lakini haina madhara, Najat. Inasalimia tu. Watu watacheka."

"Programu inajuaje kama faili imeshaliingia?"

Hapo rangi ya uso wake ilibadilika. Hajaiwekea kipimo hicho. Maana yake inaingia palepale tena na tena. Faili linavimba, linavimba, mpaka diski inajaa na halifunguki tena. Mwanafunzi mmoja alipita katikati yetu amebeba mwavuli unaochuruzika.

Jumapili, 28 Machi

Idi. Nilisali msikiti wenye mnara, kisha nikapanda basi hadi Sanyuanli kwa Ami Nassor. Yeye husafirisha mizigo ya Watanzania kwenda Dar na Unguja. Ofisi yake iko ghorofa ya chini, familia inalala juu. Mkewe alikuwa amepika pilau mpaka Wachina wa jirani wakaja kuchungulia. Watu walicheka, watoto wamevaa nguo mpya, na mimi nilikuwa sawa kabisa mpaka Ami aliponiita.

"Mwanangu, wewe msomi wa mashine. Njoo uone. Hii kompyuta yangu imejifunza Kiswahili."

Nilijua kabla sijafika. Alifungua orodha ya mizigo, na skrini nyeusi ikaandika HODI.

Ami alifurahi sana. Alijibu, "Karibu!" na wote ofisini wakaangua kicheko. Nilicheka na mimi.

"Nani ametumia mashine hii, Ami?"

"Nani zaidi ya Didas? Jumamosi huja kunichapia barua za Kiingereza. Kijana mzuri sana yule."

Kutoka Sanyuanli disketi zinakwenda kwa mawakala wa bandarini, kwa wafanyabiashara wa vitambaa kule Zhongda, mpaka Dar. Nilimwambia Ami mashine ina ugonjwa, asitoe disketi yoyote ofisini. Alisema, "Ugonjwa gani unaobisha hodi? Ugonjwa huingia tu." Wakacheka tena.

Alhamisi, 1 Aprili

Chama cha mafumbo kimeahirishwa. Laoshi hakusema sababu.

Jumatatu, 5 Aprili

Ni siku yao ya wafu, Wachina wako makaburini kwa wazee wao. Mabweni matupu. Mvua nyepesi tangu alfajiri.

Anyango anasomea udaktari, na mwezi huu yuko wodini kwa mafunzo. Asubuhi alikuwa anatafuta disketi yake chini ya mto. "Ile ripoti niliyochapia kwenu chumba cha kompyuta," akasema. Nikamuuliza ameitumia wapi. "Hospitali. Niliifungua kwenye mashine ya pale kwa manesi. Halafu ikaandika hodi, imagine! Nikadhani ni wewe umenifanyia mchezo."

Nilikwenda bafuni nikafungua maji nisisikike. Pale kwa manesi. Sijui mashine hiyo inafanya nini. Sijui kama ina majina ya wagonjwa, ama dawa zao, ama saa za kupewa dawa. Niliwaombea kwa sauti, wagonjwa nisiowajua.

Jumanne, 6 Aprili

Nimemuuliza Anyango wodi inaendeleaje. Amesema inaendelea. Nikamuuliza kama kuna mgonjwa amezidiwa. Akaniangalia. "Ni hospitali, Najat. Wako hapo kwa sababu wamezidiwa."

Jumatano, 7 Aprili

Hakuna habari. Kila mlango ukigongwa nashtuka.

Alhamisi, 8 Aprili

Anyango amerudi analalamika kwamba zamu zote za wiki zimevurugika. Mashine ya manesi imekataa kufunguka, imebidi wapange zamu kwa kalamu. Nikauliza mashine ile ilikuwa na nini kingine.

"Zamu tu. Na karata. Manesi hucheza karata."

Nilimkumbatia. Alishangaa, akanipapasa mgongoni, akasema nina joto, nikapimwe.

Jumatano, 14 Aprili

Kuna tangazo kwenye mlango wa chumba cha kompyuta, na jingine kwenye bweni la wageni. Uongozi unatafuta aliyeleta kirusi. Chini, kwa herufi kubwa, wameandika neno lenyewe HODI, na kuuliza: anayejua neno hili ni la lugha gani aje ofisini.

Katika bweni hili kuna Wafaransa, Wakorea, Wamali, Wayemeni. Wanaojua Kiswahili ni watatu: mimi, Didas na Anyango. Kwenye mashine ya manesi Anyango alilisoma kama mzaha. Kwenye tangazo atalisoma vingine. Leo ana zamu ndefu, hajapita hapo bado.

Alhamisi, 15 Aprili

Tangazo la bwenini limelowa jasho la ukuta, wino umesambaa, neno halisomeki. Nilisimama mbele yake nikashukuru kwa sauti ndogo, kama mwendawazimu. Lile la chumba cha kompyuta liko ndani ya kioo.

Ijumaa, 16 Aprili

Didas amekuja na dawa. Ndivyo anavyoiita. Ameandika programu ya pili inayosafiri kwa njia zile zile za ile ya kwanza. Ikiikuta inaiondoa, inakaa mahali pake kuzuia isirudi, kisha inaendelea.

"Kwa hiyo nayo inajinakili."

"Lazima ijinakili. Vinginevyo itaifikiaje?"

"Na yako hii itaondolewa na nini?"

Tulikuwa kwenye kibanda cha tambi nyuma ya lango. Bakuli lake lilikuwa limejaa vilevile. Nilimtazama vizuri kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Amekonda. Shati lile lile la Jumatatu. Niligundua kwamba huyu mtu aliyekuwa anacheka kwenye chumba cha kompyuta alikuwa anaogopa hata wakati ule, na kicheko kilikuwa kazi aliyokuwa anaifanya.

"Usiiachie, Didas."

"Nimeshaiachia jana," akasema.

Jumatatu, 19 Aprili

Inafanya kazi. Faili zilizovimba zimepungua. Ila ikiingia mahali inaandika neno lake. Ameipa neno KARIBU.

Nilimuuliza kama ana akili. Alisema aliliweka ili atofautishe, hakuwaza. Sasa kwenye tangazo la mlangoni wameongeza neno la pili kwa kalamu nyekundu.

Jumatano, 21 Aprili

Dada Lan ameitwa ofisini. Tangu arudi hatuachii tena chumba mchana. Nilimsalimia, akaitikia kwa kichwa huku akipanga ndala. Macho yalikuwa mekundu.

Jumatatu, 26 Aprili

Siku ya Muungano. Ami Nassor alitualika Watanzania wote tuliomo mjini, mimi na Didas tukiwemo, tule pamoja. Sikutaka kwenda. Nilikwenda kwa sababu kutokwenda kungeonekana.

Tulikaa mkekani, samaki, wali wa nazi, sambusa. Mzee mmoja wa Tanga akaanza kutania: mimi Unguja, Didas bara, eti ndoa ya serikali mbili iliyodumu miaka thelathini na mitano, lini itazaa. Watu walikufa kwa kicheko. Mimi na Didas tulitazama sahani.

Simu ikalia chini ofisini. Ami akashuka. Akarudi, akaniita bila kuketi.

"Mwanangu, mashine haiwaki."

Nilishuka naye. Skrini nyeusi. Hakuna hodi, hakuna karibu, hakuna hata ile sauti ya mashine kuamka. Nikachomoa waya, nikachomeka. Hakuna. Ilikuwa kama kubonyeza kifua cha maiti. Simu ililia tena: wakala wa jengo la jirani, mashine zake mbili vilevile. Kisha mwingine wa barabara ya Huanshi. Ami alikuwa anarudia kwa Kichina, "Meiyou, meiyou, kwangu pia hakuna," na kila alipoweka simu ililia.

Didas alikuwa amesimama ngazini. Uso umekuwa kijivu. Aliniuliza kwa midomo tu, bila sauti: Ni sisi?

Nilirudi chuoni kwa basi, na madirisha yalikuwa yamefunikwa na mvuke, sikuona nje hata kidogo. Nilikuwa nahesabu kila mahali ambapo disketi ingeweza kufika. Bandarini. Uwanja wa ndege. Hospitali. Nilimwomba Mungu kwamba kama ni kirusi changu, hili basi lianguke, nikaona nimewaombea mauti watu wengi wasio na kosa, nikaomba nisamehewe na dua hiyo pia.

Chumba cha kompyuta: karibu nusu ya mashine zimekufa. Wanafunzi wamejaa mlangoni, msichana mmoja analia, tasnifu yake yote ilikuwa humo. Liang laoshi amesimama katikati na mikono nyuma. Macho yake yalipita kwetu, mmoja mmoja.

Jumanne, 27 Aprili

Si sisi.

Redio imesema, na magazeti. Ni kirusi kingine kabisa kilichokuwa kimelala ndani ya mashine kikingoja tarehe ya jana. Nchi nzima imepigwa, na nchi nyingine nyingi. Nilikaa kwenye ngazi za maktaba nikalisoma gazeti tena tangu mwanzo.

Didas alikuja anakimbia mvuani. "Umesikia? Tumepona, Najat! Kila kitu kimefutika. Yangu, yako, ushahidi, vyote. Hakuna atakayeuliza tena." Alinishika mabega. Anacheka tena kile kicheko chake.

Nilicheka naye. Naandika hivi kwa kuwa ni kweli.

Alhamisi, 29 Aprili

Dada Lan amesimamishwa kazi. Uongozi umesema aliruhusu watu kuingia na disketi zisizokaguliwa nje ya saa za kazi. Laoshi alikuwa amechapa nakala ya kirusi cha HODI kabla ya mashine kufa, na nakala hiyo ndiyo imetumika kuonyesha kwamba chumba kilikuwa kinaumwa chini ya uangalizi wake. Hawatofautishi. Kwao HODI na kirusi cha tarehe ishirini na sita ni ugonjwa mmoja, na yeye ndiye aliyeacha mlango wazi.

Nilimwona anatoka langoni na mfuko wa plastiki na birika lake la chai. Aliniona. Hakuninyooshea kidole wala hakuniita. Alifungua mwavuli akaenda.

Ijumaa, 30 Aprili

Anyango alikuwa ameketi kitandani kwake ananisubiri.

"Nimepita chumba cha kompyuta leo kutafuta ripoti yangu," akasema. "Nimesoma tangazo mlangoni. Hodi. Karibu."

Nilifunga mlango.

"Sisi ni watatu, Najat. Mimi sijui hata kuwasha kompyuta bila kuuliza. Na siku ile uliponikumbatia, sasa naelewa."

"Si mimi niliyeipa miguu."

"Sikuulizi miguu. Yule mama wa chumba cha kompyuta amefukuzwa?"

"Amesimamishwa."

Alivua saa yake akaiweka kwenye rafu, taratibu, kama afanyavyo akitoka wodini. "Mimi sitakwenda kukusema. Lakini Jumanne wakifungua ofisi baada ya sikukuu ya Mei Mosi, kama hujaenda wewe, nitaenda kuwaambia lugha ni ya nani. Hilo tu. Wameuliza lugha, nitawajibu lugha."

Kisha akapika ugali, akanipa sahani.

Jumapili, 2 Mei

Nimemwambia Didas kwamba Jumanne nakwenda kwa Liang laoshi. Tulikuwa chini ya daraja la waenda kwa miguu, magari yanarusha maji.

"Utakwenda kusema nini?"

"Kwamba programu ni yangu."

"Watakurudisha Unguja kwa ndege ya kwanza."

"Huenda."

"Na mimi?"

"Mimi nitasema yangu. Yako ni yako."

Alinisihi. Alisema yule mama atapata kazi nyingine, ni kwao hapa, ana ndugu, sisi hatuna mtu. Alisema tena na tena kwamba hakukusudia. Nilimwamini. Alikuwa analia waziwazi, mtu ambaye darasa zima humtazama, na niliona sina hasira naye. Nilihisi tu uchovu, na baridi miguuni.

Jumanne, 4 Mei

Nimetoka kwa Laoshi sasa hivi. Nataka kuandika kabla sijasahau maneno.

Ofisi yake ni ndogo, vitabu vina ukungu kwenye migongo. Alikuwa anavifuta kimoja kimoja kwa kitambaa. Sikukaa. Nilisema kwa Kichina sentensi niliyoikariri njiani: "HODI ni neno la kwetu, maana yake ni naomba kuingia, na programu inayobeba neno hilo niliiandika mimi."

Aliendelea kufuta. "Kaa," akasema.

Nikakaa. Alinisukumia karatasi na kalamu. "Iandike."

Niliandika programu yangu yote kwa mkono, kama nilivyoiandika ile Jumapili. Ni mistari michache. Aliisoma, akaweka pembeni yake ile nakala aliyochapa mwezi uliopita.

"Hii yako inasimama mahali pamoja," akasema. "Hii nyingine inatembea. Andika inayotembea."

"Siwezi, Laoshi. Sijawahi kuyaona maandishi yake."

"Nani aliyeyaandika?"

Nilitazama mikono yangu. Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hili siku mbili, na jibu nililoandaa likanipotea. Nikasema, "Muulize mwenyewe. Mimi nimekuja na yangu."

Nje mtu alikuwa anafagia maji kwenye varanda.

"Didas alikuja kwangu nyumbani jana asubuhi," akasema. "Alisema umeandika zote mbili. Alisema alikuonya."

Sikuelewa. Nilidhani Kichina changu kimenikimbia. Akarudia polepole, kwa maneno mepesi kama anamwambia mtoto, na nikaelewa kila neno.

Woga wa kufukuzwa niliouzoea wiki zote hizi naujua umbo lake. Huu ulikuwa mwingine. Niliona jinsi ilivyo rahisi. Yeye ni Didas, mimi ndiye niliyeandikwa ubaoni, neno ni langu, disketi ilikuwa yangu. Kama mzee huyu angemwamini, hakuna kitu duniani ningeweza kuonyesha.

"Unamwamini, Laoshi?"

Alichukua nakala iliyochapwa akaigeuza kwangu. "Wewe, hata kwa kalamu, unaacha nafasi kila baada ya alama ya mkato. Aliyeandika hii haachi kamwe. Nimesahihisha kazi zenu miaka mitatu." Akavua miwani. "Nilitaka kuona kama na wewe utakuja, na utasema nini."

Nilianza kulia, naona aibu kulia. Nilimwomba Dada Lan arudishwe. Alisema hilo haliko mikononi mwake peke yake, lakini ataandika leo, na ataandika ukweli, na ukweli huo utanigusa mimi pia.

"Najua," nikasema.

"Hujui," akasema. "Wala mimi sijui. Nenda ukale."

Jumatano, 5 Mei

Nimekwenda Sanyuanli nikamwambia Ami Nassor. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Kwa hiyo siku ya Idi, nilivyojibu karibu, ulikuwa unajua?" Nikasema ndiyo. Hilo ndilo lililomuuma, kwamba alicheka na mimi nikamwacha acheke. Alinyanyuka akaenda kuzungumza na wapakiaji nje. Mkewe alinifungia sambusa za kwenda nazo.

Jumapili, 9 Mei

Maandamano mjini kwa sababu ya ubalozi wa China uliopigwa bomu Belgrade. Wageni tumeambiwa tusitoke bwenini. Mtu hodari wa kuogopa angepata sababu mpya. Nimeosha madirisha.

Alhamisi, 20 Mei

Uamuzi umetoka. Didas ameondolewa ufadhili, anarudi nyumbani. Mimi sitaingia chumba cha kompyuta hadi mwaka ujao, na nitarudia mwaka huu. Onyo limewekwa kwenye jalada langu. Nilisoma karatasi mara kadhaa nikitafuta mahali palipoandikwa kwamba nami naondoka. Hapapo.

Dada Lan amerudi. Nilimkuta varandani anatandaza ndala juani, maana leo jua limetoka. Nilimwinamia, nikamwambia nimekosa. Hakuacha kazi.

"Ungekuja wiki moja mapema," akasema. "Mama yangu alikuwa bado hajasikia."

Akachukua jozi nyingine ya ndala.

Jumatano, 2 Juni

Didas ameondoka leo kwa treni ya Hong Kong, kutoka huko atapanda ndege. Sikuwa nimepanga kwenda stesheni. Anyango aliniuliza asubuhi kama nakwenda, nikasema siendi, kisha nikavaa viatu.

Alikuwa peke yake kwenye foleni. Hakuna aliyemsindikiza. Begi lake lilikuwa kubwa, mkanda mmoja umekatika. Aliponiona alitazama kando kwanza, kama mtu anayetafuta pa kupita. Nilikuwa nimekuja na maneno makali, nimeyapanga kwenye basi yote. Nilishika upande wa begi ambao haukuwa na mkanda, tukasogea nalo.

"Nilijua utakwenda kwa Laoshi," akasema hatimaye. "Nikajua utanitaja. Mtu yeyote angenitaja. Nikaona bora niwahi mimi."

"Sikukutaja."

"Laoshi aliniambia." Akahamisha mkono kwenye begi. "Siku uliyokwenda, jioni, aliniita akaniambia. Najat, tangu hapo sijui hata niseme nini."

Foleni ikasogea. Mbele yetu mama mmoja alikuwa anagombana na mkaguzi kuhusu kuku.

"Kama ningekutaja," nikamuuliza, "ungefanyaje?"

Alifikiri kwa dhati, kama afikirivyo fumbo.

"Ningelala usingizi," akasema.

Mkaguzi akachukua tiketi yake. Nikaachia begi. Aliliburuta kwa mikono miwili akapita kizuizi, na hakugeuka, na sikumwita.

Nilirudi mvua ikianza. Anyango aliniuliza kama nimemsamehe. Nikamwambia sijui, kweli sijui. Kisha nikajilaza na nguo zangu za njiani, mchana kweupe, mtu akagonga mlango wa jirani, na sikushtuka. Nililala mpaka alasiri.